Neno 'my boy' lilivyoniumbua mbele ya babu

WAHENGA walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nilipokuwa shuleni niliipachika methali hii katika insha zangu mara nyingi ili nipate alama, lakini sikuwahi kuketi nikaifikiria. Leo, msomaji, nataka nikusimulie siku niliyoielewa. Haikuwa darasani. Ilikuwa nyumbani kwa babu yangu, ng'ambo ya Keroka upande wa Nyamira, mwezi wa Desemba mwaka wa 2009, na ulimi wangu ulijikwaa kwa maneno mawili mafupi ya Kiingereza: "my boy".

Usicheke. Huenda hata wewe umeyatamka asubuhi ya leo, ukimwita rafiki yako au ukimpongeza mwanao kwa kumaliza uji. Hayo ni maneno ya mtaani ambayo kila kijana wa mjini anayo mdomoni. Mimi pia nilikuwa nayo, tena nilikuwa nimejifunza kuyatumia kwa bidii kama mtu anayejifunza kuendesha baiskeli.

Wakati huo nilikuwa na umri wa miaka 21, nasomea stashahada ya uandishi wa habari jijini Nairobi. Nilikuwa nimetoka Kisii, ambako Kiingereza tulichofunzwa kilikuwa cha vitabuni. "Boy" ni mvulana, "girl" ni msichana, fungua ukurasa unaofuata. Nilipofika chuoni niliwakuta wenzangu waliolelewa Buru Buru na Umoja wakizungumza Kiingereza ambacho mwalimu wangu hangekitambua. Siku ya kwanza, jamaa niliyepangiwa kulala naye chumba kimoja alinipiga begani na kusema, "Niaje, my boy!" Nilinyamaza. Nilikuwa namzidi umri kwa mwaka mzima. Kwetu mwanamume haitwi mvulana hivi hivi tu, na kama angenitamkia hayo kwa Ekegusii huenda tungekunjana mashati.

Lakini niliona kwamba wote waliitana hivyo, na hakuna aliyekasirika. Basi nikafanya kile ambacho mwanafunzi wa uandishi hufundishwa kufanya. Nikafungua daftari.

Daftari

Kwa muda wa muhula mmoja niliandika kila mahali niliposikia maneno hayo. Maana ya kwanza ilikuwa salamu, ile ya kukutana ngazini. Ya pili ilikuwa utambulisho: mtu akisema "huyu ni my boy", anamaanisha kwamba ukimgusa huyu umemgusa yeye. Ya tatu ilikuwa pongezi, na hapo neno hurefushwa kama wimbo, hasa mtu anapofunga bao. Ya nne ilikuwa mkopo. "My boy, una soo hapo?" Ukisikia hivyo, msomaji, shika mfuko wako. Ya tano ilikuwa pole. Mwenzetu mmoja alipofeli mtihani, yule jamaa wa chumbani aliketi kando yake kitandani na kumwambia maneno hayo mawili tu, polepole, kisha akanyamaza. Nilishangaa kwamba maneno yale yale ya kuombea pesa yaliweza pia kufuta machozi.

Kulikuwa na mengine ya ukoo huo. "Oh boy!" ni mshangao, wala hakuna mvulana anayeitwa. "The boys" ni kundi la marafiki, hata kama wote wana ndevu. "Old boys" ni wazee waliosoma shule moja zamani. Nenda kwenye mkutano wa waliosoma Kisii School, shule iliyoanzishwa mwaka wa 1934, na utawaona wanaume wenye mvi na vitambi wakijiita hivyo huku wakicheka.

Kufikia mwisho wa muhula nilikuwa bingwa. Nilimwita mlinzi "my boy". Nilimwita utingo wa matatu "my boy". Daftari langu lilikuwa na kurasa kumi na mbili za maana na matumizi, lakini jambo moja sikuliandika, nalo ndilo lililokuwa la maana kuliko yote. Sikuandika ni nani anayeweza kumwambia nani.

Desemba

Nilisafiri kwenda nyumbani kupitia Narok, Bomet na Sotik. Baada ya Sotik basi hukata katikati ya mashamba ya majani chai hadi ufike Keroka, mji ambao mpaka wa Kisii na Nyamira umeupitia katikati. Zamani zote ilikuwa wilaya moja ya Kisii, hadi Nyamira ilipopewa wilaya yake.

Nyumbani kulikuwa na sherehe. Binamu yangu wa miaka kumi, mtoto wa tatamoke, yaani baba mdogo, alikuwa ametahiriwa na siku hiyo ndiyo aliyotoka alikotengwa na wenzake. Kwa msomaji asiyefahamu mambo ya Wagusii, nieleze kidogo. Mvulana ambaye hajatahiriwa huitwa omoisia. Akishatahiriwa huitwa omomura. Haya si majina ya umri, ni majina ya hadhi. Omomura halali tena katika nyumba ya mama yake. Hatumwi ovyo. Anatarajiwa kuchunga mdomo wake na heshima ya ukoo. Kumwita omomura kwa jina la omoisia ni kumvua nguo mbele ya watu, na kuna wanaume waliopigana na hata kukatana panga kwa sababu ya neno hilo.

Haya yote niliyajua. Nilizaliwa nayo. Nami pia nilikaa katika chumba hicho cha kutengwa nikiwa na umri kama wake.

Nyumba ilikuwa imejaa. Wazee walikuwa upande mmoja, akina mama wakipakua ugali wa wimbi, chinsaga na nyama ya mbuzi. Binamu yangu alikuwa ameketi kitini, si mkekani pamoja na watoto kama alivyozoea. Alivaa shati jipya lenye alama za mikunjo ya dukani, na alikuwa amekaza uso kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Niliingia na mkoba wangu begani, nikamnyooshea mkono, na nikapaza sauti ili kila mtu ajue nimetoka Nairobi.

"My boy!"

Mzee mmoja mwenye sikio zito aliuliza nimesema nini. Kabla sijafungua kinywa, msichana mdogo wa darasa la tatu, ambaye bila shaka alikuwa akiisubiri siku ya kuonyesha kwamba Kiingereza kimemwingia, akatafsiri kwa sauti kubwa kama anayejibu swali la mwalimu.

"Amemwita omoisia."

Hata waliokuwa wakitafuna waliacha. Binamu yangu alitazama sakafu. Mtoto yule alikuwa amestahimili kisu bila kupepesa jicho, lakini nilimwona kidevu kikitetemeka, na nikajua anapigana na machozi kwa nguvu zake zote. Tatamoke alisema maneno manne tu: "Mwanangu si omoisia tena." Baba yangu mzazi hakusema lolote, kwetu baba na mwana wana mipaka yao ya heshima, na aibu yangu ilikuwa aibu yake. Aliyenishtua ni babu. Alichukua fimbo yake, akasimama taratibu, akatoka nje, na chakula chake akakiacha.

Neno moja la Kiingereza

Kwa Wagusii babu na mjukuu ni watani. Mambo ambayo huwezi kumwambia baba yako unaweza kumwambia sokoro, yaani babu, naye akakujibu kwa mzaha mkali kuliko wako. Kwa hivyo nilimfuata chini ya mparachichi nikitarajia anitanie, tucheke, yaishe. Hakunitania. Aliniambia niketi.

"Mimi sikusoma," alisema. "Kiingereza changu ni neno moja tu. Unalijua ni lipi?"

"Silijui, sokoro."

"Boi."

Ndipo aliponieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza katika miaka yangu yote 21. Katika miaka ya 1950 alifanya kazi jikoni kwa mkulima mmoja wa Kizungu upande wa Sotik, ng'ambo tu ya mashamba niliyoyatazama nikiwa ndani ya basi asubuhi ile. Alivaa kanzu nyeupe. Alipika, akafua, akapiga pasi. Wakati huo alikuwa na mke na watoto wawili. Kila siku, kutoka alfajiri hadi taa zilipozimwa, alisikia neno hilo. Boi, lete chai. Boi, funga mlango. Mzungu huyo alikuwa na mtoto wa miaka saba, na mtoto naye alimwita boi na kumnyooshea mguu amvue kiatu. Babu alitakiwa kumwita mtoto yule "bwana mdogo".

"Hakujua jina lako?" nilimwuliza.

"Alilijua. Lilikuwa katika daftari la mishahara. Kila mwisho wa mwezi alilisoma, akanilipa, akafunga daftari. Jina langu likabaki humo hadi mwezi mwingine."

Alinyamaza kidogo, kisha akaendelea. "Nilitahiriwa nikawa omomura. Nikaoa. Nikajenga. Halafu nilifika Sotik nikarudishwa kuwa omoisia kwa neno moja. Leo mjukuu wangu amepanda basi kutoka Nairobi, kuja kumfanyia mwenzake vivyo hivyo, kwa neno lile lile."

Nilijitetea kadiri nilivyoweza. Nilimweleza kwamba vijana wa siku hizi hawamaanishi hivyo, kwamba ni neno la upendo, kwamba hata tajiri humwita rafiki yake hivyo. Nilimtajia maana zangu zote tano, kasoro ile ya mkopo. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza swali moja.

"Huyo mwenzako wa Nairobi, akikuita hivyo, wewe nawe waweza kumwita hivyo?"

"Ndiyo, sokoro. Saa yoyote."

"Na mimi, yule bwana mdogo ningeweza kumwita boi?"

"La."

"Basi hayo ni maneno mawili. Yamefanana sauti tu. Mswahili akilia 'baba' anamwita mzazi wake wa kiume. Mtoto wetu hapa akilia 'baba', anayeitika ni mama yake. Utasema ni neno moja kwa sababu masikio yako yamesikia sauti moja?"

Naam, msomaji, ni kweli. Kwetu mama ni baba, na baba ni tata. Nilikuwa nimelijua jambo hilo tangu nikiwa mchanga, na kurasa zangu kumi na mbili hazikulifikia.

Kisha akanipa fundisho ambalo hadi leo nalishika. Aliniambia kwamba rafiki yake waliyetahiriwa naye pamoja, wakikutana, humporomoshea matusi ambayo mbele ya mtu mwingine hayatamkiki, naye hucheka mpaka mbavu zinauma. Lakini mtu huyo alishikana naye mkono siku ya kisu. "Mwenzako anaweza," alisema. "Aliye juu yako hawezi, na wewe huwezi kwa aliye chini yako. Na mbele ya watu, nyamaza kwanza, tazama umesimama wapi."

Safari ya neno

Niliporudi chuoni nilikwenda maktaba, na huko nikagundua kwamba babu, ambaye hakusoma, alikuwa karibu na ukweli kuliko mimi. Wachunguzi wa asili ya maneno wanaeleza kwamba neno "boy" liliingia katika maandishi ya Kiingereza yapata miaka 700 iliyopita, na kwamba maana yake ya mwanzo ilikuwa mtumishi, mtu wa tabaka la chini. Maana ya mtoto wa kiume, ile ya kitabu chetu cha shule, ilikuja baadaye. Kwa hivyo yule mkulima wa Sotik hakubuni kitu. Alilileta neno na mzigo wake wa zamani.

Wakoloni walilitumia kote walikofika. Hata Wafaransa, wenye lugha yao wenyewe, walilikopa. Ndiyo sababu Ferdinand Oyono wa Cameroon alipoandika kwa Kifaransa riwaya yake ya mwaka wa 1956 kuhusu kijana anayetumikia nyumba ya Mzungu aliipa jina Une vie de boy, ambayo kwa Kiingereza inajulikana kama Houseboy. Kwetu neno liligeuka "boi", na Kiswahili kikalipokea kwa maana moja tu: mtumishi wa kiume wa nyumbani.

Huko Marekani, wanaume weusi waliitwa hivyo hata wakiwa na wajukuu. Mwaka wa 1968, wazoataka wapatao 1,300 wa mji wa Memphis waligoma baada ya wenzao wawili kusagwa na mtambo wa lori la taka. Waliandamana wakibeba mabango yenye maneno machache yaliyomaanisha: mimi ni mwanamume. Martin Luther King alikuwa amekwenda kuwaunga mkono alipouawa katika mji huo Aprili 4 mwaka huo. Nilipoiona picha ya mabango hayo nilimkumbuka tatamoke. Mwanangu si omoisia tena. Lilikuwa bango lile lile.

Lakini hapa ndipo panapostaajabisha. Watoto na wajukuu wa watu hao hao walilichukua neno lililowatukana wazee wao, wakalisafisha kinywani mwao, wakaanza kuitana kwalo kwa mapenzi. Likaingia katika muziki wao na filamu zao, likavuka bahari, likafika Nairobi, likapanda ngazi za bweni letu. Utakumbuka lile kundi la waimbaji wa Philadelphia, Boyz II Men, lililotamba miaka ya 1990. Maana ya jina hilo ni kutoka uvulana hadi uanaume. Babu yangu angeambiwa jina hilo tu, angeuliza ni mwezi gani wa Desemba walipotoka.

Hivyo neno la mtaani hujifunzwa mara mbili. Mara ya kwanza unajifunza maana yake, na hilo laweza kukuchukua wiki moja. Mara ya pili unajifunza limepita wapi kabla ya kukufikia wewe, na ni nani bado ana kovu lake.

Jina

Siku ile sikungoja maktaba. Nilirudi ndani jioni, nikasimama mbele ya wazee na nikamwita binamu yangu omomura, kwa Ekegusii, mara tatu, ili kila aliyesikia la kwanza asikie na hili. Kisha nikampa shilingi mia tano zilizokuwa nauli yangu ya kurudi. Bibi yangu alisema kwamba sasa anaelewa kwa nini karo ya chuo iko juu, maana Kiingereza ni lugha ghali. Watu wakacheka, babu naye akacheka, na chakula chake kikapashwa moto.

Babu alituacha mwaka wa 2015. Binamu yangu sasa ni mwanamume mzima anayejitegemea. Kila anaponipigia simu, mimi niliyemzidi miaka kumi na moja, huanza hivi: "My boy, niaje?" Nami huitikia. Ana haki hiyo kuliko mtu yeyote duniani.

Ningependa kumalizia hapo, msomaji, lakini sitakuwa mkweli. Mwaka jana, asubuhi moja ya siku ya shule, mwanangu wa miaka saba alikuwa langoni mwa mtaa tunakoishi Nairobi, mkoba mgongoni. Mzee anayetunza maua na kufungua lango alikuwa anakuja polepole, maana goti lake linamsumbua. Nikamsikia mwanangu akiita, "Boi, fungua! Tumechelewa!"

Miaka saba. Umri wa bwana mdogo.

Nilitaka kumgombeza, lakini nilijiuliza amelitoa wapi. Hakulitoa kwa wenzake. Alilitoa mezani kwetu, ambako mimi na mama yake husema, bila nia mbaya yoyote, "mpe shamba boy hizi nguo kuukuu" au "mwulize yule boi kama maji yamerudi." Mzee yule alikuwa ametufungulia lango kwa mwaka mmoja na zaidi. Na mimi, mjukuu wa mtu aliyeketi chini ya mparachichi akanieleza aliyonieleza, sikulijua jina lake.

Nilishuka kwenye gari nikamwuliza. Alinitazama kwanza kana kwamba anahofia amekosea kazini. Kisha akanitajia, jina lake na la baba yake. Sitaliandika hapa, kwa sababu sikuliomba kwa ajili ya gazeti. Nililirudia mara mbili ili nilishike, na mwanangu akalirudia. Ana wajukuu wanne, na mkubwa wao yuko kidato cha pili.

Siku hiyo tulichelewa shuleni kwa dakika kumi. Wewe nawe, kabla ya Jumatatu, hebu jiulize kama unalijua jina la yule anayekufungulia lango, anayekufulia, anayekubebea mizigo sokoni. Kama hulijui, mwulize. Na watoto wakiwepo, afadhali zaidi.